Kahawa ya Telesfori na Kidato cha Tatu

Jumanne, 27 Mei

Uwiduhaye wangu kapewa kidato cha tatu kizima! Sio kuwafundisha Bayolojia tu, hiyo alikuwa nayo tangu zamani. Kapewa awaongoze, mmoja mmoja, wajue watakuja kuwa nini maishani. Mkuu wa shule mwenyewe, Mwalimu Ambrose, kamwita ofisini akamwambia, "Wewe bado kijana, wanakusikiliza. Ushauri na unasihi uchukue wewe."

Haya, sasa naweza kusalimia. Habari za jioni, daftari. Mimi ni Mukantabana, mke wa Sebahire, wa hapa Kiruruma, mama yake mwalimu. Niliishia darasa la saba lakini mwandiko wangu mwalimu wangu aliuonyesha kwa darasa zima, na aliye hai kati ya wenzangu aje abishe. Daftari hili kaninunulia Uwi mwenyewe. Alisema, "Mama, unaongea mno, mengine yaandike." Nikacheka. Sebahire naye akacheka, na Sebahire si mtu wa kucheka. Katika nyumba hii mimi nasema kwa niaba ya wawili.

Habari hii nimeshamwambia kijana wa bodaboda, muuza sabuni, na mama mmoja nisiyemjua aliyekuwa anapita na mbuzi wake. Amefurahi sana.

Jumatano, 28 Mei

Mwalimu karudi kimya. Kaweka begi, kakaa kwenye kinu cha kutwangia akitazama migomba.

"Kuna nini, mama yangu?" Mimi nikimbembeleza namwita mama, maana jina lake la pili ni la mama yangu mzazi.

"Nimewauliza leo. Kila mmoja asimame aseme anataka kuwa nani."

"Wakasemaje?"

"Madaktari. Darasa zima, Mama. Isipokuwa mmoja rubani na mmoja rais."

Nikamwambia hiyo si habari mbaya, tutatibiwa vizuri uzeeni. Hakucheka. Akasema aliwauliza, daktari akifika kazini asubuhi anaanza na nini? Mmoja akajibu, "Anavaa koti jeupe." Baada ya koti? Basi, hakuna ajuaye.

"Hawajawahi kumtazama mtu akifanya kazi, Mama. Wamewaona wanaolima tu, na hiyo wao hawaiiti kazi."

Nikatazama mikono yangu. Leo tumeanza kuchuma kahawa za mwanzo, kucha ni nyekundu.

Ijumaa, 30 Mei

Vumbi. Kiangazi kimeingia. Kahawa inaiva kwa fujo.

Jumapili, 1 Juni

Mwanangu ana akili, nasema na niliyemzaa ni mimi. Amepata mpango. Likizo hii ya Juni, kila mtoto wa kidato cha tatu atakaa majuma manne na mtu anayefanya kazi fulani, amtazame, amuulize, ashike naye. Kuna zahanati. Kuna Isihaka wa Kayanga anayefunga umeme wa jua. Kuna mshonaji, kuna bwana mifugo, kuna Mwaja wa Bugene mwenye mashine ya kusaga na kukoboa. Yeye Uwi atazunguka kote kuwatazama.

Mkuu Ambrose amekubali kwa shingo upande. Yeye alitaka likizo yote watoto wapige mitihani ya majaribio. Amesema, "Sawa, Mwalimu, jaribu. Lakini shule ikifunguliwa utaita wazazi waje kuona watoto wamejifunza nini. Wazazi wa shule hii hawajawahi kujaza madawati mawili. Wasipokuja, mpango wako umekwisha, tunarudi kwenye mitihani."

Uwi ameandika barua kwa wazazi wote. Mimi nikaona barua zinachelewa. Leo baada ya misa, kwaya ikiwa imesimama bado, nilinyoosha mkono kwenye matangazo. Nikasema, "Mwanangu Mwalimu Uwiduhaye anawatafutia watoto wenu kazi! Wa kidato cha tatu, hata kabla hawajamaliza!" Watu walipiga makofi. Wengine vigelegele. Niliporudi kwenye benchi la sauti ya kwanza nilikuwa kama nimeolewa upya.

Jumatatu, 2 Juni

Mbuzi wamekula maharage ya jirani. Si wangu, wa Sebahire.

Jumatano, 4 Juni

Kaletwa kuku. Mtetea mweupe, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Aliyemleta alisema, "Wa mwalimu, asimsahau Ambari wetu," akaondoka. Jioni akaja wa pili, na mkungu wa ndizi. Ndizi nimepika.

Alhamisi, 5 Juni

Sasa kuku ni wanne. Uwi karudi, kasimama uani.

"Mama, hawa wa nani?"

"Wako. Watu wanakupenda."

"Wananipenda kwa nini?"

Nikamwambia nilivyotangaza. Nilimwambia kwa raha kabisa, na vigelegele vile. Akaketi chini, kwenye majani.

"Mama. Ulisema kazi?"

"Nilisema kazi. Si watakwenda kazini?"

"Wanakwenda kujifunza! Hakuna atakayelipwa! Ooh, Mama jamani."

Mimi sikuona tofauti kubwa hivyo. Mtu akiwa kazini yuko kazini. Lakini nimewafungulia kuku kamba na sijachinja hata mmoja.

Jumatatu, 9 Juni

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Uwi aliwaambia watoto wakutane shuleni saa mbili awagawe. Mimi nikaenda pia, nikasema nampelekea uji. Mama wee! Uwanja ulijaa. Shule hiyo ambayo wazazi hawaji hata wakiitwa na mgambo, leo walikuja kabla ya mwalimu. Wamevaa nguo za Krismasi. Watoto wana masanduku ya bati, wana magodoro, mmoja ana ndoo mpya na ufagio. Baba mmoja, Yustus, alikuja na mpiga picha.

Uwi akawasalimu, shikamooni, shikamooni. Mbele kabisa alisimama Telesfori wa Nyakasimbi, baba yake Kayitesi, koti jeusi, kofia mkononi. Kayitesi ni yule msichana mrefu anayekaa bweni, anayeongoza Bayolojia ya mwanangu. Telesfori akasema kwa adabu zote:

"Mwalimu, tunashukuru. Sisi tumemleta mtoto. Tunachouliza ni kimoja tu, mshahara unaanza mwisho wa mwezi huu au ujao?"

Nilitamani ardhi inimeze. Uwi hakunitazama hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua nimemlea vizuri. Akawaeleza pole pole: hakuna mshahara, ni mafunzo, majuma manne, mtoto aone kazi inavyofanywa ili akichagua masomo achague akijua.

Kelele ilipanda. "Kwa hiyo ni vibarua wa bure?" "Na kahawa yangu itachumwa na nani?" Yustus alimwambia mpiga picha aondoke. Uwi akaanza kusoma majina, nani aende wapi, na alipofika kwa Kayitesi akasema, "Kayitesi, mashine ya Mama Mwaja, Bugene."

Telesfori akavaa kofia. "Mashine ya unga?"

"Ndiyo, baba. Ameniambia anapenda kujua vitu vinavyozunguka vinazungukaje."

"Mwalimu, nilikuletea huyu awe daktari. Unampeleka akajazwe unga puani?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichoharibu. Karibu nusu ya wazazi walinyanyua masanduku wakaondoka na watoto wao. Telesfori akashika la kwake mpini mmoja, Kayitesi akashika mwingine. Wakafika getini. Halafu akasimama. Akatazama sanduku. Mimi nilikuwa karibu na uji wangu, nikamsikia akimwambia binti kwa sauti ya chini:

"Jana nimeaga kijiji kizima. Nimemwaga pombe ya rubisi. Nikirudi na sanduku hili leo hii, watasema umefukuzwa kazi siku ya kwanza."

Basi akageuka. Akatangaza kwa sauti kubwa kwamba yeye ni mtu wa kutimiza neno lake na mtoto atabaki. Bweni limefungwa likizo hii, Nyakasimbi ni mbali na Bugene, kwa hiyo atalala wapi? Nikasema kwangu! Kwangu kuna nafasi, kwangu kuna chakula, nani asiyejua ndizi zangu?

Sanduku liko chumba cha Uwi. Ni zito ajabu. Baba yake kampakia hadi mablanketi mawili, kama anakwenda Ulaya.

Jumanne, 10 Juni

Kayitesi karudi mweupe kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Sebahire alidhani ni mzungu. Hakusema neno, alikula akalala.

Alhamisi, 12 Juni

Uwi ananikondea. Anatoka alfajiri na bodaboda, anarudi vumbi tupu. Leo nilimkuta jikoni anamenya ndizi na machozi yanadondokea kwenye sufuria.

"Isihaka kanipigia simu," akasema. "Vijana wanne nimempelekea. Kapanda juu ya paa kufunga paneli, wao wamesimama chini na madaftari wazi. Kawaambia pandeni. Hawakupanda. Kawaambia ulizeni swali. Hawakuuliza. Mwisho akawauliza, 'Mnasubiri nini?' Wakamjibu, 'Tunasubiri utupe notsi.'"

"Notsi za nini?"

"Za kunakili, Mama! Wanasubiri awasomee waandike! Na nani kawafundisha hivyo? Mimi. Sisi. Miaka mitatu ninawasomea, wananakili, ninawapa alama." Akapangusa uso kwa mkono wenye utomvu wa ndizi, sasa uso wote mweusi. "Na yule wa zahanati kaona sindano tu, kaanguka. Labda Mkuu ana haki. Nimwandikie niache, wafanye mitihani yao."

Nilitaka kumjibu kwa maneno mengi. Badala yake nikamfungulia akamwani, ile kahawa ya kutafuna ninayoichemsha mwenyewe na majani ya harufu, ninayompa mgeni wa heshima. Nikamwekea kiganjani. Tukatafuna sote wawili. Nilikuwa namwona msomi, mtu wa begi na viatu. Sikuwa nimemwona akichoka vile ninavyochoka mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Leo Kayitesi kaongea! Wakati wa kula kasema, "Mama, ile mashine kabla haijakwama huwa inabadilisha sauti." Basi. Akaendelea kula.

Uwi akaweka kijiko chini. Akamuuliza, inabadilikaje? Msichana akaigiza, kwa mdomo, sauti nzima ya mashine ya Mwaja, ikisaga, halafu ikilalamika. Hata Sebahire alisogeza kiti.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani, mama mmoja wa sauti ya pili kasema nisikie: "Wengine watoto wao wana mishahara, wa kwetu wamefanywa vibarua." Nikamwambia kibarua gani anakula kwangu ndizi na maharage ya samli? Lakini nimeimba vibaya leo. Nilikosa pumzi.

Jumanne, 17 Juni

Mvua! Kiangazi katikati! Ilianza kwa upepo, mara matone kama kokoto. Kahawa yote iko uani imeanikwa. Mimi na Sebahire tumekimbia, tumekunja maturubai, mimi nimeteleza nimeanguka juu ya kahawa yangu, goti limevimba. Imeokoka. Kahawa iliyokauka nusu ikilowa inashika ukungu, na chama cha ushirika hawaipokei.

Nawafikiria wasio na mikono ya kukimbia.

Jumatano, 18 Juni

Aliyekuwa hana mikono ni Telesfori.

Amekuja asubuhi na bodaboda mbili, moja yake na moja ya sanduku. Kayitesi alikuwa anajiandaa kwenda Bugene, kilemba kichwani. Baba hakukaa. Alikataa kiti, alikataa uji, nikajua ni vita.

"Uani kwangu kahawa imelowa yote," akasema. "Mama yake amejifungua juzi, hainuki. Mimi nilikuwa shamba la bondeni. Nakimbia, nafika, inaelea. Huyu angekuwepo ingeingia ndani. Kayitesi, chukua sanduku."

Uwi akamwambia, "Baba, pole sana. Yamebaki majuma mawili na siku chache. Ameanza kuuliza maswali ambayo sijawahi kumsikia mwanafunzi akiuliza. Ukimtoa sasa..."

"Mwalimu, ninyi mna mshahara. Mvua ikinyesha hainyeshei kitu chenu."

Kayitesi akaingia ndani, nikasikia bati linakwaruza sakafu. Analivuta mwenyewe. Nilimwona Uwi usoni na nikaelewa kwamba sanduku hilo likitoka, kesho ataandika ile barua kwa Mkuu. Na wengine waliobaki watafuata sanduku.

Ndipo mdomo wangu ukafunguka, sikuutuma.

"Baba Kayitesi, binti yako ana mikono mingapi?"

"Maswali gani haya, Mama Uwi?"

"Nijibu."

"Miwili."

"Mwache hapa. Kesho nakuletea mikono ishirini. Itachuma, itageuza ile iliyolowa, itaanika. Na keshokutwa ukitaka tena."

Akacheka, cheko la hasira. "Mama Uwi, wewe kwa maneno! Wewe ndiye uliyetutangazia kazi kanisani."

"Ndiyo, ni mimi. Na leo nakutangazia mikono. Wasipokuja saa moja asubuhi, uje uchukue sanduku, na uchukue na mbuzi wa Sebahire juu yake."

Sebahire alikohoa huko nyuma. Telesfori akatazama goti langu lililovimba, akatazama lile sanduku mlangoni.

"Saa moja," akasema. Akaondoka na bodaboda zote mbili.

Uwi akanigeukia. "Mama, hiyo mikono ishirini unayo wapi?"

Sikuwa nayo. Nilikuwa na hii miwili tu.

Jumatano hiyo hiyo, jioni

Nimezunguka. Nimechukua kuku wote wanne kwenye tenga nikapita nyumba kwa nyumba kwa akina mama wa kwaya, maana waliowaleta ni hao hao. Kila nyumba nilianza na kuku. "Huyu ni wako. Nilisema kazi, hakuna mshahara, mwalimu hajui habari ya kuku, mwenye mdomo ni mimi." Yule mtetea mweupe alikuwa ametaga, nikamrudisha na mayai yake. Mama yake Ambari alicheka mpaka akaketi.

Halafu nikawaambia la Telesfori. Wakasema, na kahawa zetu sisi? Nikasema tufanye zamu, kama tunavyochimbiana mashamba. Kila nyumba ambayo mtoto wake yuko kazini, sisi sote tunaingia shambani kwake siku moja, tunamaliza, tunakwenda kwa mwingine. Mtoto asikose kazi kwa ajili ya kahawa, na kahawa isikose mchumaji kwa ajili ya mtoto.

Yule wa sauti ya pili aliinama akaliangalia goti langu. "Na goti hilo?"

"Kahawa haichumwi kwa goti."

"Nitakuja," akasema. "Nikuone ukichuma. Siku zote unasema wewe hodari."

Alhamisi, 19 Juni

Tumekwenda! Tulikuwa mikono ishirini na zaidi, maana Uwi naye kaja, na yule wa sauti ya pili kaja na dada yake. Telesfori alikuwa amesimama njiani tangu mapema, akijifanya anatengeneza ua.

Tuliingia shambani tukiimba. Nilichuma, mwenye kubisha amuulize yule wa sauti ya pili, nilimwacha mistari miwili na goti langu bovu. Mwanangu alivua viatu vya ualimu akapanda kwenye kigoda, anavuta matawi. Telesfori akaona aibu. "Mwalimu, jamani, shuka huko. Watu watasema nimekutia adabu." Uwi akamjibu, "Baba, nimekuja kuuliza kazi inavyofanywa. Nionyeshe hii iliyoiva sana inatengwaje." Akamwonyesha. Akamwonyesha kwa muda mrefu, na kila alipoeleza sauti yake ilishuka. Wengine tuligeuza ile iliyolowa juani. Nyingi itapona. Iliyoshika ukungu tumeitupa, hatukumficha.

Na unapochuma midomo haina kazi. Mama Ambari akaanza: wake sasa akikaa nyumbani anakagua waya za redio. Mwingine akasema wa kwake yuko kwa bwana mifugo, jana kamkataza baba yake kumpiga ng'ombe. Mwingine akasema wa kwake ndiye aliyeanguka kwa sindano, na sasa anasema udaktari hataki, anataka kuandika dawa zilizotoka na zilizobaki, na mganga wa zahanati anamsifu. Hapo tulicheka kahawa zikamwagika.

Telesfori alikuwa mstari wa pembeni. Halafu, bila kutazama mtu:

"Hivi huyu wangu huko mashineni anafanya nini hasa?"

Uwi akamweleza. Kuhusu sauti, kuhusu mkanda, kuhusu dizeli. Wote wakaacha kuchuma wakasikiliza. Wakauliza. Mmoja akauliza masomo ya hayo ni yapi. Mwingine akauliza kama msichana anaweza. Mwanangu akiwa juu ya kigoda, majani kichwani, akajibu mpaka jua likawa utosini. Nilikumbuka barua zake zote zile alizoandika kwa mwandiko mzuri, kuwaita wazazi hawa hawa kwenye kikao.

Tulipokuwa tunarudi akaniambia, "Mama, hawajawahi kunisikiliza hivyo."

Nikamwambia bado hajaona kitu, kesho tuko kwa Mama Ambari.

Jumamosi, 21 Juni

Zamu inaendelea. Mgongo si wangu tena. Wawili katika wale walioondoka na masanduku siku ile wamerudisha watoto, wakauliza na wao wataingizwa lini kwenye zamu.

Jumanne, 24 Juni

Mwaja kanipigia simu, na Mwaja akipiga simu ujue kuna jambo, maana mashine yake haimpi nafasi.

"Shoga, mwenzio leo nimeona makubwa! Kaja mzee na koti jeusi, na gunia la mahindi. Kaketi juu ya gunia lake nyuma kabisa, kofia kashusha mpaka machoni. Namwambia mzee, zamu yako. Anasema, mpishe mwingine. Namwita tena. Mpishe mwingine! Nikasema huyu ana lake."

"Ana koti jeusi?"

"Sikiliza basi! Mara mashine ikaanza kulia ile sauti yake. Mimi nahudumia mteja, sijasikia. Kayitesi akazima. Wateja wakaja juu, zima ya nini, tuna haraka! Mtoto kasimama katikati yao, kawaambia, 'Subirini, mkanda unakatika.' Tukafungua tukakuta umeliwa, umebaki uzi. Ungekatika ungempiga mtu uso. Kaubadilisha mwenyewe, mimi namshikia taa tu. Kawasha. Ndipo yule mzee akanyanyuka, akaburuta gunia mpaka mbele. Nikanyoosha mkono nilipokee. Akaniambia, 'Ahsante mama. Mimi nitasagiwa na yule fundi.'"

Mwaja akasema halo, halo.

"Na mtoto alipomwona?"

"Kamwamkia kama mteja. 'Shikamoo, la dona au la sembe?' Na mzee kajibu kama mteja. Mimi ndiye niliyelia, shoga, na unga wote ule machoni."

Jumatano, 25 Juni

Kayitesi hajasema lolote kuhusu jana. Lakini kaosha kilemba chake mara mbili.

Jumapili, 29 Juni

Jambo jipya. Kayitesi anataka Fizikia. Mwanzoni mwa mwaka aliiacha, na wenzake wengi, kwa sababu walisikia ni ngumu, na kwamba daktari anahitaji Bayolojia. Kamuuliza Uwi: anayetengeneza mashine anasoma nini? Uwi kamwambia. Msichana akasema, "Basi mimi nimeacha somo langu nikabaki na la watu."

Uwi kampigia Mkuu Ambrose hapo hapo, niko pembeni. Nilisikia sauti yake simuni: "Mwalimu, masomo yamekwishachaguliwa. Mzazi wake mwenyewe aje, mbele yangu, siku ile ya kikao, aseme anataka. Kama kikao kitakuwepo."

"Kitakuwepo," mwanangu akasema.

Jumatano, 2 Julai

Zamu ya mwisho ilikuwa kwangu. Walikuja wote, hata wa Nyakasimbi. Shamba langu halijawahi kumalizika mapema hivyo. Niliwapa akamwani, kila mmoja kiganjani, na Telesfori nikampa mara mbili.

Wakati wa kuondoka nikamwambia sanduku liko tayari, watoto wanamaliza Ijumaa, alete bodaboda. Akasogeza kofia.

"Liache tu hapo, Mama Uwi. Desemba kuna likizo tena. Mwaja kasema atamhitaji."

Jumapili, 6 Julai

Leo kwenye matangazo nilinyoosha mkono. Kanisa zima likaguna, hata padri akatabasamu. Uwi alikuwa benchi la nne, akaziba uso kwa mikono.

Nilikuwa nimejipanga. Nikasema: hakuna mshahara. Hakuna mchango. Hakuna atakayeitwa kwa sababu mtoto kakosa. Mje muwaone watoto wenu wakieleza kazi waliyoifanya kwa mikono yao, na mje na mdomo wa kuuliza. Nikataka kuongeza habari ya mwanangu, jinsi alivyo, lakini nikaona watu wameshamgeukia wenyewe.

Kabla sijaketi, kule nyuma mtu akasimama. Nyakasimbi wana kanisa lao, lakini leo kasali kwetu. Koti jeusi. Akasema:

"Naomba kuongeza. Mimi nina neno la kumwambia Mkuu wa shule kuhusu Fizikia. Sitaki kulisema peke yangu. Mliochuma kahawa yangu, mje."

Akaketi. Sauti ya pili ndiyo iliyoanza kupiga makofi.

Ndizi nilizopika jana hazijaisha na siku ya kikao nitapika nyingine, maana watu wa mbali watapitia kwangu. Sebahire keshapiga pasi shati la siku hiyo mwenyewe. Mwanangu yuko chumbani anapanga viti kwenye karatasi, na kila mara anafuta, anaongeza vingine.

Kikao ni Jumamosi hii, tarehe kumi na mbili Julai, saa tatu asubuhi, pale shuleni. Wanakuja wote.